Haki ya Maji na Vinamasi vya Basra

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, wazee wetu waliijua Basra kwa tende zilizokuwa zikiletwa na majahazi ya kaskazi. Karibu na mji huo, ipitapo mito ya Dajla na Furati, pana vinamasi vikubwa viitwavyo Ahwar. Watu wake huishi kwa maji yenyewe: hukata matete wakajengea nyumba na kusukia mikeka, hufuga nyati waogeleao, huvua samaki na hupanda mpunga. Ndege wa safari hutua humo, na fisi-maji huzaa humo.

Baada ya maasi ya mwaka 1991, serikali ya Saddam Hussein ilijenga kingo na kuchimba mifereji ya kuyapotosha maji. Kufikia mwaka 2000, kiasi cha sehemu tisa katika kumi za vinamasi hivyo zilikuwa zimekauka. Je, tuseme ni kadari tu, hapana wa kuulizwa? Hasha! Hiyo ni kazi ya mikono ya wanaadamu.

Utawala ule ulipoanguka mwaka 2003, wenyeji walizibomoa kingo. Maji yakarudi, matete yakaota, nyati na ndege wakarejea. Lakini ikadhihirika kuwa kufungua maji hakutoshi. Ardhi iliyokauka ilijaa chumvi, na maji yaliyotuama juu yake yaliharibika. Sharti maji yaingie na yatoke, ndipo ardhi ioshwe.

Mwaka 2016 UNESCO iliviandika vinamasi hivyo katika urithi wa dunia. Hata hivyo, tangu mwaka 2021 ukame, pamoja na mabwawa yaliyojengwa huko juu katika Uturuki, Syria na Iran, vimevipunguza tena. Nyati wamekufa na watu wamehama.

Tazameni aibu yetu! Wanaogawana mito hiyo ni Waislamu. Na fikihi yetu imekwisha kulihukumu jambo hili: aliye juu hunywesha shamba lake mpaka maji yafike vifundo vya miguu, kisha humwachilia aliye chini. Mlango huo tunausoma darasani, nani autendaye?

Basi kutengeneza kilichoharibiwa si kubomoa ukuta siku moja. Ni kutimiza haki ya jirani kila siku. Mwenyezi Mungu atujaalie kuijua haki na kuitenda. Amin.