Nani Alisema Lazima Ukae Kwenye Theluji?

Ukitaka kumtambua mtu wa ubao wa theluji pale kileleni, angalia makalio. Yamelowa. Anapopandishwa mlima kwa kiti cha kamba, ni mguu wa mbele tu uliofungwa ubaoni. Wa nyuma uko huru. Akifika juu anaketi chini, anapangusa theluji, anavuta mkanda wa kifundo, anavuta wa vidole, anakaza jino kwa jino, glavu ziko mdomoni. Wenzake wa skii walipanda wakiwa tayari wamevaa. Saa hii wako nusu ya mteremko.

Mwaka 2017 kampuni ya Burton ilileta vifungio vinavyoitwa Step On. Hakuna mikanda. Buti lina ndoano mbili pembeni mwa vidole na moja kisiginoni; unakanyaga, kacha, kacha, umeenda. Mwaka 2022 Nidecker ya Uswisi ikaja na Supermatic, inayokubali buti la kawaida: unaingiza mguu, kisigino kinasukuma chini, mgongo wa kifungio unajifunga wenyewe. Wanaovichangamkia ni watu wa kawaida, wale wa wikendi chache kwa mwaka, wazazi wenye watoto wa kufunga pia, wenye viuno vinavyolalamika.

Basi maneno yakaanza. Eti hivyo ni vya wazee. Eti ni vya wanaojifunza. Eti kama kufunga mikanda kunakushinda, mlima si wako.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hili neno "njia ya mkato" nimelisikia kwenye kila harusi ya ukoo. Labda ndiyo maana ugomvi wa watu wa mbali hivi, kuhusu baridi ambayo sijawahi kuigusa, umenikaa kichwani. Ugumu upi ni sehemu ya kitu chenyewe, na upi ni foleni tu?

Mwanafalsafa Bernard Suits, kwenye kitabu chake cha 1978, The Grasshopper, anasema kucheza mchezo ni kujitwika kwa hiari vizuizi visivyo vya lazima. Kwenye gofu ungeweza kubeba mpira mkononi ukautumbukize shimoni. Hufanyi hivyo, kwa sababu hapo hakuna gofu tena. Watetezi wa mikanda wangeipenda sana hoja hii. Lakini hebu tuipime. Ondoa mteremko: mchezo kwisha. Ondoa kazi ya kusawazisha mwili juu ya ubao mmoja: kwisha. Ondoa zile dakika za kukaa chini na glavu mdomoni: kimepungua nini?

Ubao wa theluji uliingia Olimpiki huko Nagano mwaka 1998, michezo ileile ambayo Philip Boit wetu alikimbia kilomita 10 kwa skii akamaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie, akabaki kumngoja amkumbatie. Kilichoheshimiwa pale ni zile kilomita. Viatu vilifungwa kwa dakika ngapi, nani aliuliza?

Na tukienda kwa ukali, hata mikanda ni starehe. Snurfer ya Sherman Poppen, ule ubao wa 1965 uliotokana na skii mbili zilizounganishwa, haikuwa na vifungio kabisa. Ulisimama juu yake na kushika kamba. Baadaye, vituo vingi vya skii vilipokataa mbao, watu walipanda mlima kwa miguu wakiwa wamezibeba. Leo mtu anapandishwa na umeme, ameketi, halafu anamwita mwenzake mvivu!

Kwangu, walichoacha kukiuliza ni kingine. Step On inadai buti lake maalum. Kampuni nyingine chache zimeruhusiwa kulitengeneza, lakini mguu ni mguu, na kama hakuna linalokukaa vizuri, utavumilia ama uuze. Miaka ya 1990 K2 ilikuwa na mfumo wake wa kukanyaga, Clicker. Ulipoachwa, wenye buti zake walibaki na buti zisizo na mwenzake. Hapo ningejali zaidi: unaokoa dakika mbili, halafu kampuni inashika funguo za mguu wako.

Halafu kuna marafiki. Wakati wote mna mikanda, kukaa kileleni ni sehemu ya siku: mnapumua, mnachekana, mnaamua njia ya kushuka. Mmoja akinunua vya kukanyaga, anangoja na anapiga stori, hakuna noma. Wakinunua watatu, mambo yanageuka. Ulipenda mikanda yako, bado inafanya kazi, hujakosana na mtu. Lakini sasa umeketi chini peke yako, na wao wamesimama juu yako, mbao zimeshafungwa. Hawasemi kitu. Mmoja anatazama simu. Unakaza haraka, jino linaruka, unaanza upya.