Keti Uhesabu Kabla ya Kupaa

Somo: Luka 14:28–30



Wazazi na vijana wa Bondo, katika somo letu Bwana anatuonyesha mtu anayetamani kujenga mnara. Hamkatazi kujenga. Hamwambii kwamba mnara ni mrefu mno kwa mtu wa hali yake. Anamdai jambo moja tu: aketi apige hesabu, ajue kama alicho nacho kitamfikisha kileleni, asije akaweka msingi, akakwama, majirani wakamcheka kila wapitapo.

Kila mwaka matokeo ya KCSE yanapotangazwa, katika boma fulani kati ya Ndori na Usenge, kijana huwaambia wazazi wake kwamba anataka kuwa rubani. Baba hunyamaza. Mama huanza kuhesabu ng'ombe waliobaki. Hazipiti wiki nyingi kabla kamati ya harambee haijaundwa, hati ya shamba ikawekwa mezani kwa wakala, na pesa zikatumwa kwa shule ambayo hakuna mtu wa ukoo huo aliyewahi kukanyaga mlangoni pake. Ndugu zangu, kosa letu liko hapo. Kutamani anga si dhambi. Dhambi ni kulipa kabla ya kuketi.

Sikuja kuzima ndoto ya mtoto yeyote. Ndege si ngeni ufukweni mwetu: mwaka 1931 ndege za shirika la Imperial Airways, zinazotua juu ya maji, zilikuwa zikifika Kisumu katika safari za kutoka Uingereza. Wala urubani si urithi wa watoto wa Nairobi. Jenerali Francis Ogolla alikuwa mwana wa Alego, katika kaunti hii hii yetu ya Siaya. Alijiunga na jeshi mwaka 1984, akafunzwa kurusha ndege za kivita, akapanda cheo hadi kuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya. Binti zetu nao wana wa kumtazama: Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways ndiye mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa nahodha wa Boeing 787. Mlango uko wazi. Ninachowasihi leo ni kwamba mwingie mkiwa mmehesabu.

Hesabu ya kwanza ni ya mwili, nayo ndiyo nafuu kuliko zote. Anayetaka kurusha ndege kwa malipo lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya, KCAA. Daktari huyo hupima macho na uwezo wa kutofautisha rangi, hupima masikio, moyo, damu, na afya ya akili. Kuvaa miwani peke yake hakumfungii mtu mlango. Lakini yapo maradhi yanayoufunga, na hapa kwetu ziwani selimundu imo katika familia nyingi. Mwenye historia hiyo nyumbani alipeleke swali hilo kwa daktari mapema, bila aibu. Tena cheti hicho si cha maisha. Hufanywa upya kila mwaka, na katika baadhi ya kazi rubani akishapita miaka 40 hupimwa kila miezi sita. Basi mzazi, mpeleke mtoto kwa daktari huyo kabla hujalipa hata shilingi ya karo. Nauli ya Nairobi na ada ya daktari ni kitu kidogo mbele ya shamba lililouzwa kwa ajili ya kijana ambaye mwili wake haungeruhusiwa kamwe.

Hesabu ya pili ni ya saa. Urubani haupimwi kwa mihula. Leseni ya rubani binafsi hupatikana kuanzia umri wa miaka 17, nayo inadai angalau saa 40 za kuruka. Leseni ya rubani wa biashara huanzia miaka 18, na inadai saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi moja iliyoidhinishwa tangu mwanzo hadi mwisho. Leseni ya juu kabisa, ile ya nahodha wa ndege kubwa za abiria, inadai saa 1,500. Sikieni vizuri: hivyo ni viwango vya chini vya sheria. Wanafunzi wengi huvipita kabla mkufunzi hajaridhika nao, na kila saa ya ziada ina bei yake. Mafuta ya ndege hizi ndogo si petroli ya kituo cha hapa mjini. Huagizwa kutoka nje, na bei yake hupanda pamoja na dola. Shule nyingi huhesabu saa tangu injini inapowaka, kwa hiyo hata dakika ambazo ndege imesimama kwenye foleni ya kuruka zinalipiwa. Ongeza mitihani ya KCAA, ada za kutua, chumba cha kupanga na chakula cha Nairobi. Ongeza idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo na idhini ya kurusha ndege ya injini mbili, maana bila hizo leseni ya biashara haikufikishi mbali. Jumla yake ni mamilioni ya shilingi. Anayekutajia bei ya saa za chini kabisa, bila nyongeza yoyote, amekuonyesha msingi akakuficha mnara. Juu ya bei aliyokutajia, weka robo nzima kando, na kama robo hiyo haipo, usianze mwaka huu.

Hesabu ya tatu ni ya shule, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo wengi wetu hunaswa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Picha ya kijana mwenye shati jeupe na miwani ya jua haifundishi mtu kutua. Mvuvi wa Uhanya hanunui mashua kwa picha. Huigeuza, huipapasa mbao, huiona ikielea majini, ndipo afungue pochi. Nasi tufanye vivyo hivyo. Panda basi uende mwenyewe hadi Wilson, uwanja wa ndege wa Nairobi ambao kwa miaka mingi umekuwa kitovu cha mafunzo ya urubani nchini. Usiende siku ya sherehe. Nenda siku ya kazi, asubuhi, bila kutoa taarifa.

Ukifika, omba kuona cheti cha KCAA kinachoiruhusu shule kufundisha, usome kinaruhusu kozi zipi na kinaisha tarehe gani. Kisha zihesabu ndege kwa macho yako. Ngapi zinaruka leo, na ngapi zimeegeshwa zikisubiri vipuri? Ndege tatu zikigawanywa kwa wanafunzi wachache ni shule. Ndege moja ikigombaniwa na umati ni chumba cha kungojea. Uliza wakufunzi ni wangapi na wamekaa hapo muda gani, maana wakufunzi wengi ni vijana wanaokusanya saa ili waajiriwe na mashirika, na wanapoondoka kwa pamoja mwanafunzi hubaki na vitabu vyake. Usimwulize mwenye shule peke yake. Mnunulie chai mwanafunzi aliye katikati ya kozi, umuulize: ulianza lini, una saa ngapi, mara ya mwisho kuruka ilikuwa lini? Majibu hayo matatu yana ukweli kuliko kijitabu chochote cha matangazo.

Kisha uliza juu ya usalama, usione haya. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana na ndege ya abiria aina ya Dash 8 juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, muda mfupi baada ya kuruka kutoka Wilson. Mwanafunzi na mkufunzi waliokuwa ndani ya Cessna walikufa. Ndege ya abiria ilirudi ikatua salama. Walikuwa watoto wa watu. Anga ya Wilson ina msongamano, na kila shule inayorukia hapo inawiwa na mzazi jibu kamili: mnawafundishaje wanafunzi kuangalia nje, kusikiliza redio, na kujua nani yuko wapi? Shule inayokasirishwa na swali hilo imekwisha kukujibu. Ondoka.

La mwisho kuhusu shule ni malipo. Usilipe karo yote kwa mkupuo, hata ukiahidiwa punguzo. Lipa kwa awamu, kadiri saa zinavyorukwa, na udai mkataba unaosema wazi nini kitarudishwa mafunzo yakikatika. Pesa ikishatoka mkononi mwako yote, sauti yako imetoka nayo.

Wako wanaotazama Afrika Kusini au Marekani. Sawa, huko kuna shule nzuri. Ila leseni ya kigeni haikuruhusu kurusha ndege zilizosajiliwa Kenya mpaka ubadilishiwe na KCAA, na mitihani ina nafasi yake katika safari hiyo. Wala tusisahau kilichowapata majirani zetu wa Uasin Gishu: wazazi walilipa kupitia mpango wa kaunti yao wa masomo ya Finland na Kanada, na kufikia mwaka 2023 walikuwa barabarani Eldoret wakidai pesa zao. Hata muhuri wa ofisi kubwa haukuondolei wajibu wa kuketi na kuhesabu. Wala usidhani ng'ambo ndiko pekee. Chuo cha Soroti nchini Uganda kilianzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki yote, na ukipitia Busia, Tororo na Mbale, Soroti iko karibu na Bondo kuliko Nairobi. Nako nenda na maswali yale yale.

Hesabu ya nne ni ya maisha baada ya leseni. Vijana, nawaambia kwa upendo: leseni ya saa 200 si barua ya ajira. Kati ya saa hizo na zile 1,500 kuna daraja refu. Wengine hulivuka wakiwa wakufunzi, wengine wakirusha ndege ndogo aina ya Caravan kupeleka watalii Maasai Mara, wengine wakibeba misaada na mizigo kwenye viwanja vya vumbi. Wengine hukaa nyumbani miaka, leseni ikiwa sandukuni, wakitafuta pesa za kuidumisha hai. Mwezi Machi 2020 Kenya ilisimamisha safari za abiria za kimataifa kwa sababu ya korona, na mwaka huo huo hata marubani wenye maelfu ya saa walipoteza kazi. Kwa hiyo jiwekee mguu wa pili wa kusimamia. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kiko hapa hapa Bondo. Shahada au stashahada si kurudi nyuma, ni akiba. Ukipenda ndege lakini pesa au macho yamekataa, Shule ya Usafiri wa Anga ya Afrika Mashariki iliyoko Embakasi, iliyofunguliwa mwaka 1954, hufundisha waongoza ndege na kazi nyinginezo ambazo bila hizo hakuna rubani anayepaa. Na usajili wa makadeti wa Jeshi la Anga unapotangazwa, jitokeze. Njia ile aliyopita Jenerali Ogolla haikuuzishi shamba, ingawa inadai maisha yako yote. Yeye mwenyewe alifariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024, akazikwa kwao siku tatu baadaye.

Kifo hicho kinanileta kwenye hesabu ya tano, hesabu ya moyo. Someni Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo, mfungwa, alionya kwamba msimu wa safari umepita na bahari ni hatari. Mkuu wa askari akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu, maana bandari ile haikuwa nzuri kwa kukaa majira ya baridi na wengi walitaka kusonga mbele. Merikebu ikavunjika. Watu wote 276 waliokuwamo walipona kwa rehema ya Mungu.

Kijana, siku moja utaketi mbele ya ndege, na mwenye ndege atakuwa anataka pesa, abiria watakuwa wamechelewa mazishi, na mawingu ya alasiri yatakuwa yamesimama meusi juu ya ziwa upande wa Kisumu. Hapo hawatakuuliza una saa ngapi. Patahitajika mtu anayeweza kusema, “Leo haturuki,” na kusimama kwenye neno hilo hata akitishiwa kufutwa kazi. Jipime sasa. Je, unapokosea husema kabla hujaulizwa? Je, hulala mapema kesho ukiwa na kazi? Je, huacha pombe bila kushikwa mkono? Kama unautaka urubani kwa ajili ya sare na heshima ya kijiji, nakusihi kwa jina la Bwana, tafuta kitu kingine. Kama uko tayari kubeba roho za watu na kuwajibika kwa kila mojawapo, basi anga inakuhitaji.

Nanyi viongozi wa kanisa na wenyeviti wa harambee, msikusanye pesa yote siku moja na kuituma siku hiyo hiyo. Changeni kwa hatua. Kwanza changeni nauli na ada ya daktari. Cheti kikija, changeni leseni ya rubani binafsi peke yake. Akiipata, ketini tena mtazame: ameruka saa ngapi, amefaulu mitihani gani, shule imetimiza iliyoahidi? Ndipo mwendelee. Na pale hesabu inapokataa, mwambieni kijana ukweli mbele ya familia yake, mumsaidie kutafuta njia nyingine bila kumdhalilisha.

Wazazi, shamba likishauzwa halirudi. Msitie saini mpaka cheti cha daktari kiwe mkononi, shule muwe mmeikanyaga kwa miguu yenu, na mkataba wa kulipa kwa awamu uwe umeandikwa. Vijana, ombeni, someni hesabu na fizikia kwa bidii, na ulizeni maswali bila woga. Bwana awape hekima ya kuketi kabla hajawapa mabawa. Amina.