Uzee Wangu ni Mzigo wa Nani?

Je, ni halali mtu kujiwekea mali kwa ajili ya uzee wake, au kufanya hivyo ni kumtilia shaka Mwenyezi Mungu na kuwatilia shaka watoto wake? Swali hili laulizwa katika nyumba nyingi, wala halifai kujibiwa kwa haraka. Wapo wasemao, “Watoto ndio akiba yangu.” Wapo na wasemao kwamba aliyetulisha jana atatulisha na kesho. Maneno hayo yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini yote mawili yaweza kuwa kisingizio cha kutojali.

Tutazame Msalato, kaskazini ya mji wa Dodoma, katika nchi ya Wagogo. Mvua hunyesha huko kwa msimu mmoja tu, tangu Desemba hivi hata Aprili, na miaka mingine huwa haba. Mfugaji wa nchi hiyo hakuzoea kuweka ng’ombe wake wote katika zizi moja. Wengine aliwapeleka kwa shemeji, wengine kwa rafiki wa mbali, ili ukame au maradhi yakipiga huku, kule papone. Aliyewatunza alikunywa maziwa, na mwenye mali alipata mtu wa kumkimbilia siku ya shida. Je, mzee yule alikosa imani? Hasha. Alitumia akili aliyojaliwa, na akiba yake ikawa kifungo cha udugu.

Hekima hiyo ndiyo tunayoihitaji leo, ijapokuwa mali imebadilika sura. Watumishi wa umma walio wengi hustaafu kwa hiari wafikapo miaka 55, na kwa lazima wafikapo miaka 60. Mwaka 2018 mifuko yao ya pensheni iliunganishwa kuwa mmoja, PSSSF, nao NSSF ukabaki kwa wafanyakazi wa sekta binafsi. Tangu hapo watu wamebishana sana juu ya kikokotoo, yaani ile hesabu ya kugawa mafao: kiasi gani kilipwe kwa mkupuo, na kiasi gani kila mwezi. Mwaka 2022 mkupuo uliwekwa kuwa asilimia 33. Mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuupandisha hata asilimia 40 kwa wale ambao kundi lao zamani lilipata asilimia 50. Ni haki ya mfanyakazi kudai jasho lake. Lakini swali moja halijibiwi na kikokotoo chochote: mkupuo ukiisha kupokelewa, utafanya kazi gani? Fedha nyingi ambazo mtu hajapata kuzishika maishani humjia siku ambayo nguvu zimepungua na washauri wameongezeka.

Wakulima nao, wasio na mshahara, wana mkupuo wao, nao ni shamba. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, na tangu kazi ya kujenga uwanja wa ndege wa kimataifa ilipoanza Msalato, ardhi iliyozaa mtama na uwele imekuwa ikikatwa viwanja. Hatusemi mzee asiuze. Twasema ajue anachokiuza: ghala la uzee wake. Shamba huvunwa mwaka hata mwaka. Bei ya shamba ikiliwa, haichipui tena masika yajayo.

Tena yatupasa kujihadhari na wavunao wasikopanda. Mwaka 2009 wengi walilia kwa sababu ya DECI, iliyowahimiza watu “kupanda” fedha zao na kungoja mavuno makubwa kwa muda mfupi, hata Serikali ikaizuia. Mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu za waliofuata. Mali isiyoeleza faida yake yatoka wapi haifai kukabidhiwa jasho la mzee.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini fedha zilizofichwa chini ya godoro huoza polepole, kwa kuwa bei za vitu hupanda nazo zimelala. Heri kuanza mapema na kwa kidogo. Aanzaye akiwa na miaka 30, akaweka shilingi 20,000 kila mwezi hata atimize miaka 60, atakuwa ameweka shilingi 7,200,000 kabla ya kuhesabu faida yoyote. Na asiweke yote mahali pamoja. Ziko hatifungani za Serikali zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu, ziko za miaka 2 na ziko hata za miaka 25; viko vipande vya UTT AMIS; yako mifugo na shamba la mizabibu. Hayo ndiyo mazizi mengi ya siku hizi.

Lakini watoto, je? Yoshua bin Sira awaonya wazee wasigawe mali zao zote wangali hai, wasije wakageuka kuwa waombaji mbele ya wana wao. Maneno hayo si ya uchoyo, maana yaulinda upendo. Mwana amletee baba yake kanga wa kitoweo kwa furaha, asimletee kwa hofu kwamba baba atalala njaa. Hata hivyo, akiba ya mzazi haimfungulii mwana wajibu wake. Bwana wetu aliwakemea wale waliotumia nadhiri zao kuwa njia ya kuwanyima wazazi msaada. Naye tajiri wa Injili aliyekusudia kujenga ghala kubwa hakuhukumiwa kwa kuweka nafaka. Alihukumiwa kwa kuwa katika hesabu zake zote hapakuwa na mtu mwingine ila yeye.

Wapo pia maskini wasioweza kuweka hata senti, maana chakula cha leo chawashinda. Kuwalaumu ni ukatili. Kwao taifa lina deni. Zanzibar ilionyesha njia Aprili 2016 ilipoanza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, pasipo kuuliza kama walipata kuajiriwa.

Basi uzee ni mzigo wa watatu: mwenyewe aubebe kwanza kwa busara, watoto waushike kwa heshima, taifa liutegemeze kwa haki. Ninyi vijana mnaopokea mshahara mwisho wa mwezi huu, kabla hamjalipa kingine, tengeni sehemu ya mzee mtakayekuwa. Nanyi wazee mlio na kitu, kaeni na watoto wenu mkiwa wazima, mwaeleze kilichopo, kilipo, na ni cha nani.