Dinari Mbili za Msamaria
(Luka 10:30–37)

Habari ya Msamaria mwema twaijua sote. Lakini aya ya 35 twaipita upesi. Kesho yake alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa na zaidi atakaporudi. Katika Mathayo 20 twaona ya kuwa dinari moja ndiyo ujira wa kibarua wa siku moja. Basi huruma ya Msamaria haikumdhulumu mtu mwingine. Aliyejeruhiwa hakulipa kitu, wala mwenye nyumba hakufanya kazi bure.

Twasema haya kwa ajili ya waganga wetu wa hospitali. Mwaka 2012 madaktari wa Tanzania waligoma, mwezi wa Januari na tena mwezi wa Juni, wakidai mishahara na vifaa vya kazi. Wengi waliwahukumu kuwa wapenda fedha. Ni kweli, mgonjwa kitandani hakuwa na kosa, naye ndiye aliyeumia kwanza. Lakini je, sisi tuliolala usiku twaweza kumwambia aliyekesha wodini ya kwamba watoto wake na wale shukrani zetu? Paulo amwonya Timotheo ya kuwa asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Neno hilo halikumwacha mganga nje.

Hapa Kakonko twaujua uzito wa kazi hiyo. Tangu 2016 hata 2021 kambi ya Mtendeli ilikaa wakimbizi wa Burundi, nao walihitaji matibabu pamoja na wenyeji. Hata leo mganga hurudi kwake jioni amechoka, na jirani humgongea mlango akisema, “Ni Mkristo mwenzetu, hatadai kitu.” Naye jirani huyo ana mbuzi zizini.

Basi tufanyeje? Mwenye nacho na alipe. Asiye nacho, usharika na umlipie: debe la mahindi, chupa ya asali, senti za sadaka, vyote vitengwe kwa ajili ya wagonjwa maskini. Siku ya mapumziko tumwache mganga akae na mkewe na watoto. Msamaria mwenyewe kesho yake alishika njia yake, wala Bwana hakumhesabu kuwa hana upendo.

Nanyi waganga, msimfukuze maskini. Mtibuni kwanza, kisha tuleteeni sisi hesabu. Bwana atupe mioyo ya kuilipa. Amina.