Ripoti ya Mlezi

Sheria ya Kanisa Katoliki ina jambo la ajabu kuhusu wanovisi. Kanuni ya 648, katika mkusanyo wa mwaka 1983, inataka anayejiandaa kuweka nadhiri akae miezi 12 katika jumuiya ya unovisi yenyewe. Asipokaa, unovisi wake si halali. Kanuni inayofuata inahesabu hadi siku. Akiwa nje ya nyumba kwa zaidi ya miezi mitatu, iwe mfululizo au vipande vipande, kazi yote imebatilika. Akizidisha siku 15, azifidie. Hapaulizwi amesali rozari ngapi, wala kama machozi yalimtoka mbele ya tabenakulo. Sheria inauliza alilala wapi.

Ni rahisi kuuona huu kuwa urasimu wa Roma. Mimi naona ndani yake mna wazo, tena zito. Ukuaji wa roho hauna mizani, na walioandika sheria walilijua hilo. Waliposhindwa kupima kitu chenyewe, walilinda mahali kinapotokea, na mahali penyewe wakapataja kuwa ni kati ya watu. Lakini kwa nini iwe hivyo? Bibi zetu wengi vijijini wamesali maisha yao yote bila kengele wala ratiba, na sidhani yupo anayethubutu kusema roho zao zimedumaa. Kama Mungu anasikia popote, kwa nini binti wa miaka ishirini na ushee lazima akaulee moyo wake katikati ya wenzake ambao hakuwachagua?

Kwetu Afrika jibu liko mdomoni kabla swali halijaisha: mtu ni watu. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, aliliweka wazo hilo kitabuni mwaka 1969, na tangu hapo limerudiwa kwenye harusi, misiba na semina hadi limechakaa. Silikatai. Nasema halitoshi hapa, kwa sababu unovisi si ukoo. Ukoo hukupokea kabla hujafanya lolote. Unazaliwa umekwisha kuwa mjukuu wa fulani na shangazi wa fulani, na hata ukikorofisha, nafasi yako mkekani haichukuliwi na mtu. Mkigombana yupo mzee wa kuwapatanisha, yupo mtani wa kukutukana mpaka ucheke. Nyumba ya wanovisi haina hayo. Binti wa Bukoba aliyezoea ndizi anakaa meza moja na binti wa Songea ambaye kwake chakula kisicho ugali ni kionjo tu. Hawana damu moja, hawakuvutana kwa urafiki, na huenda lugha ya mama ya mmoja humchekesha mwenzake. Kilichowaleta pamoja ni kwamba kila mmoja, kwa wakati wake na kwa sababu zake, alidhani ameitwa.

Watu wa nje hudhani humo ndani wanovisi wakibishana wanabishana kuhusu Utatu Mtakatifu. Wanabishana kuhusu ndoo. Nani ameacha sufuria na ukoko, nani kamaliza sabuni ya mche iliyokuwa ya wote, nani huzama katika sala kila zamu ya kulisha nguruwe inapofika. Tangu Bannabikira wa Uganda walipoanza mwaka 1910, na masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes kule Chipole mwaka 1938, mabinti wa ukanda huu wamepitia shule hiyo ya ndoo kizazi baada ya kizazi, na wengi watakwambia kwamba masomo ya Maandiko na historia ya shirika yalikuwa mepesi kulinganishwa na zamu.

Mtu aliyeandika vizuri zaidi juu ya vita hivi vidogo ni Teresa wa Lisieux, Mfaransa aliyeingia Karmeli Aprili 1888 akiwa na miaka 15 na kufariki Septemba 1897 akiwa na 24. Katika kurasa alizoandika miezi ya mwisho ya ugonjwa wake anamsimulia sista mmoja aliyekuwa akitoa sauti fulani ya kukera wakati wa tafakari ya jioni, hata Teresa akawa anatokwa jasho kwa kujizuia asigeuke kumtazama. Mwishowe akaacha kushindana na sauti ile, akaisikiliza kwa makini kana kwamba ni muziki mzuri. Yupo pia mwingine aliyekuwa akimrushia maji machafu usoni kila walipofua leso pamoja. Ninachokipenda katika masimulizi hayo ni kwamba hatuambiwi sauti ile ilikoma, wala kwamba mfuaji alijifunza kufua kwa adabu. Kilichobadilika ni msikilizaji, na hakuna aliyekaa karibu naye kwenye kikanisa ambaye angeweza kujua.

Hapo ndipo swali la kifalsafa linapoanza kuuma. Iris Murdoch, mwanafalsafa na mwandishi wa riwaya aliyezaliwa Dublin, ana mfano maarufu ambao ni kama uliandikwa kwa ajili ya bweni la wanovisi, ingawa unamhusu mama mkwe. Mama huyu anamwona mke wa mwanawe kuwa ni mtu wa hovyo, wa kelele, asiye na haya. Kwa kuwa ni mama mwenye malezi mema, hamwonyeshi hata chembe; matendo yake ni safi tangu siku ya kwanza. Halafu anajiuliza: pengine ni wivu, pengine ni mimi niliyepitwa na wakati, ngoja nimtazame tena. Anatazama, anatazama, na polepole kelele inaonekana kuwa uchangamfu, na ile hovyo inaonekana kuwa ni kukosa makuu. Kwa nje hakuna kilichobadilika. Murdoch anashikilia kwamba hata hivyo mama huyo ametenda jambo, tena jambo la kimaadili, na kwamba falsafa isiyoliona ina upofu. Ili mtu asije akasema badiliko lilijificha mahali fulani katika mwenendo, Murdoch anatuambia tumchukulie yule msichana kuwa amehamia mbali au amekwisha kufa.

Nakubaliana naye kuhusu mtazamo, ila hapo kwenye umbali nasita. Ni kweli naweza kumtazama upya mtu aliyeondoka; tunafanya hivyo kila siku misibani, ambako marehemu wote walikuwa wakarimu. Lakini mtu aliye mbali hana nafasi ya kuukanusha uzuri niliompa. Nimepamba picha yake, na picha haipigi chafya. Mnovisi ambaye usiku, katika kuchunguza dhamiri, ameamua kumwona mwenzake kwa jicho jingine, asubuhi atakutana na mwenzake huyo huyo akiacha ndoo tupu kisimani. Mtazamo mpya unapata mtihani wake kabla ya chai. Ukivunjika, ulikuwa ndoto; ukisimama, hata kwa kuyumba, pana kitu kimekua. Nadhani ndiyo maana sheria inahesabu siku za kulala nyumbani. Ukiwa peke yako unaweza kuona upya vizuri sana, lakini hutajua kamwe kama ulichokiona ni mtu au ni fikra yako ya upendo.

Wapo wanaopenda kuhalalisha ugumu wa unovisi kwa kutaja mashahidi. Watakutajia Mwenyeheri Anuarite wa shirika la Jamaa Takatifu, aliyeuawa Isiro, Kongo, tarehe 1 Desemba 1964, na kukwambia kwamba ushujaa wa namna ile ulianzia katika utii wa mambo madogo. Huenda. Naogopa hoja hiyo kwa sababu inahalalisha kila kitu: ukali wowote, hata wa kijinga, unaweza kuitwa maandalizi. Masista walio wengi hawatakutana na bunduki. Watakutana na zahanati yenye zamu ya usiku, darasa lililofurika, na mkubwa wa nyumba asiyependa kuulizwa maswali.

Twende sasa kwa mlezi wa wanovisi, maana yeye ndiye aliyebebeshwa mzigo usiobebeka. Mwaka ukielekea ukingoni lazima aandike: huyu aendelee, huyu aongezewe muda, huyu arudi kwao. Anaandika kuhusu nini? Anachokiona ni kwamba binti anawahi masifu ya asubuhi, hajibizani, anainamisha kichwa akikosolewa. Yote haya yanaweza kuwa unyenyekevu. Yanaweza pia kuwa woga, na tofauti kati ya hivyo viwili, ambayo ndiyo tofauti yote iliyopo, haionekani kwa nje. Mwoga na mnyenyekevu wote huosha vyombo vizuri. Tena mwoga pengine huviosha vizuri zaidi.

Suluhisho la haraka lingekuwa kuifungua roho yenyewe: mwite binti, mbane, mwambie aseme yaliyo moyoni. Hapa sheria inanishangaza kwa mara ya pili. Kanuni ya 630 inawatakia watawa wawe na imani na wakubwa wao hata waweze kuwafungulia mioyo kwa hiari, kisha papo hapo inawakataza wakubwa kumshawishi mtu kwa namna yoyote ile awafunulie dhamiri yake. Taasisi yenye mamlaka makubwa juu ya mtu imejifungia mlango mmoja kwa mkono wake. Kwa kufanya hivyo inakiri kwamba ripoti ya mlezi itabaki na pengo, na kwamba ni heri ibaki nalo. Moyo uliobanwa utatoa kile kinachotakiwa kusikika, na binti atakuwa amejifunza kuigiza hata mbele ya Mungu.

Kama roho haipaswi kubanwa, na mwenendo wa nje unadanganya, kinabaki kitu gani cha kumsaidia mlezi? Naona kimoja tu, nacho hakimo ndani ya binti kabisa. Ni iwapo anaweza kuondoka. Mtu anayeweza kusema hapana, na akasema ndiyo, ametuambia jambo fulani kuhusu ndiyo yake. Asiyeweza, hajatuambia lolote.

Mtakatifu Benedikto alilielewa hili katika karne ya 6. Sura ya 58 ya Kanuni yake inaanza kwa kumnyima mgeni urahisi: abishe hodi siku nne au tano, avumilie kukataliwa. Akiingia, anapewa mzee mwenye kipaji cha kuvuta roho za watu, ambaye kazi yake ni kutazama kama kweli mtu huyu anamtafuta Mungu. Baada ya miezi miwili anasomewa Kanuni nzima na kuambiwa: sheria ndiyo hii, ukiiweza ingia, usipoiweza nenda zako, u huru. Baada ya miezi sita anasomewa tena. Baada ya minne, tena. Jumla yake ni mwaka. Na hata akishaweka ahadi na kuvishwa nguo za monasteri, zile alizokuja nazo hazitupwi wala hawapewi maskini. Zinawekwa stoo, ili siku akiamua kutoka apate za kuvaa. Lugha ya Benedikto hapo ni kali, anamtaja shetani kuwa ndiye atakayemshawishi mtu huyo atoke. Lakini nguo zimetunzwa. Mwanasheria mkali alimwachia mtoro wake suruali, kama naruhusiwa kusema hivyo kuhusu kanzu.

Na sisi tumefanya nini na nguo hizo? Kanuni ya 653 inasema wazi kwamba mnovisi anaweza kuondoka kwa hiari yake. Hiyo ni karatasi. Nyumbani, baba ameshatangaza parokiani, mama anaitwa Mama Sista, mbuzi alichinjwa siku ya kumsindikiza, na mdogo wake anasomeshwa kwa matumaini kwamba dada atamshika mkono. Binti akirudi, swali la kwanza halitakuwa umejifunza nini. Litakuwa: umefukuzwa? La pili halisemwi kwa sauti, nalo hutazama tumbo lake. Kwa hiyo binti anayetambua katika mwezi wa tisa kwamba hapa si pake, anatazama barabara ya kurudi na kuona uso wa baba yake. Anabaki. Anainamisha kichwa, anawahi masifu, na mlezi anaandika kwamba ni mnyenyekevu. Mlango uliofunguliwa na sheria tumeufunga sisi walei, kwa fahari yetu, halafu tunalalamika tukikutana na sista mwenye uchungu kwenye dirisha la hospitali.

Sisemi kwamba anayeingia lazima awe na nia safi kama maji ya chemchemi. Teresa mwenyewe, nadhiri zake zilipocheleweshwa, alikuja kutambua kwamba hamu yake kali ya kuziweka upesi ilichanganyika na kujipenda kwingi. Nia huja na matope yake: hamu ya kusoma, kukimbia ndoa ya kupangiwa, weupe wa shela siku ya sherehe. Mwaka ule ni wa kuyaacha matope yatuame, nayo hayatuami ndani ya mtu anayetetemeka.

Ukiyakubali haya, inakubidi ukubali na jambo moja linalokera. Binti aliyeondoka katika mwezi wa kumi na moja huenda amekua kuliko aliyebaki. Alikaa na wasiomchagua, akajifunza kuwaona, akajiona, kisha akasema ukweli uliomgharimu mbele ya mlezi na mbele ya baba yake. Kwa kipimo cha Murdoch, na kwa cha Benedikto pia, hakuna kilichopotea. Lakini nenda Jumamosi kwenye jumuiya ndogondogo ya mtaa wao. Yupo, amekaa nyuma karibu na mlango. Anazijua zaburi kuliko katekista, anajua kusuluhisha ugomvi wa sufuria kwa namna ambayo mwenyekiti hajawahi kuiota, na wakati wa kumtafuta msomaji ukifika, macho ya wote yanamruka.