Piko Si Hina

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu: mwaka jana, baada ya darsa ya Alasiri, mama mmoja wa mtaani kwetu alituletea suali. Alitaka kujua kama rangi ya piko wanayopakwa maarusi mikononi na miguuni yazuia maji ya udhu yasifike ngozini. Tukafungua vitabu, tukajadiliana hata ikakaribia Magharibi, kisha tukamjibu kwamba rangi isiyokuwa na gamba haizuii maji.

Jibu lilikuwa sahihi, lakini halikutosha. Binti yake alipakwa piko kwa harusi yake. Alikuwa amekwisha kupakwa Idi iliyotangulia asione kitu. Mara hii, siku ya pili mikono ilimwasha, siku ya tatu ikavimba, ikatoka malengelenge yaliyofuata kila ua na kila jani lililochorwa. Mpaka leo maua yale yangalipo mikononi mwake. Rangi imekwisha kutoka, yamebaki makovu. Mama yule hakutulaumu, lakini sisi twajilaumu nafsi zetu. Tuliulizwa juu ya maji, tukasahau ngozi.

Basi na tubainishe leo yale tuliyoyanyamazia. Hina ni majani ya mti wa mhina, hukaushwa yakasagwa, yakavurugwa kwa maji au kwa ndimu. Rangi yake ni nyekundu yenye kukaribia kahawia, na haishiki mpaka ikae mwilini saa nyingi. Hina peke yake haitoi weusi wa makaa. Weusi huo ambao hushika kwa muda mfupi watokana na rangi ya nywele ya dukani, na ndani yake mna dawa ya viwandani iitwayo parafenilendiamini. Mwenye kuifungua pakiti ya rangi hiyo mara nyingi atakuta glavu za mwenye kupaka, na maandishi ya kumtaka ajaribu tone dogo saa 48 kabla ya kuitumia. Tazameni ajabu hii! Mwenye kuitengeneza atupa glavu ili mikono isiguswe, nasi twaichukua tukaichorea mikono yenyewe!

Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria hairuhusu dawa hiyo kupita 2 kwa mia katika rangi inayopakwa nywele, wala hairuhusu kabisa kuchorea ngozi. Ama hizi zinazoitwa hina nyeusi hazina kipimo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 juu ya hina za Imarati, nchi ambayo ndugu zetu wengi wafanya biashara nayo, ulikuta nyingine zina karibu 30 kwa mia. Na huko Sudan, tangu miaka ya 1980 madaktari wameandika khabari za watu waliofikiwa na dawa hii tumboni, kwa makosa au kwa kusudi, wakavimba koo hata pumzi zikaziba, na mafigo yao yakaharibika. Basi na isiachwe mahali pa kufikiwa na watoto.

Pengine mtu atasema: "Mimi nimepaka mara nyingi, na sijadhurika." Twamjibu: hivyo ndivyo alivyodhani binti yule. Dawa hii mara ya kwanza yaweza kupita kimya, lakini mwili huijua na kuiweka katika kumbukumbu. Itakaporudi, mwili huipiga vita, na vita vyenyewe hupiganwa juu ya ngozi ya mwenye kupakwa. Na mwili ukisha kuichukia dawa hii, huichukia umri wote. Mtu huyo akipaka rangi ya nywele baada ya miaka ishirini aweza kuvimba uso hata macho yakafunga. Na wengine hudhurika kwa mpira mweusi, na kwa baadhi ya dawa za kutia ganzi. Hapana ajuaye kabla yake kama yeye atakuwa katika waliosalimika.

Na mwingine atasema: "Je, mwaiharimisha piko kama alivyoharimisha Mtume (s.a.w.) kuchora mwili kwa sindano?" La. Katika hadithi ya Ibn Umar iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume amemlaani mwenye kuchora wengine kwa sindano na mwenye kutaka kuchorwa. Piko yafutika, basi si hukumu moja, nasi hatuthubutu kumzidishia Mwenyezi Mungu hukumu. Lakini dini yetu yakataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwenziwe, na Qurani yatukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu. Katazo hili lamfika mwenye kupaka na mwenye kupakwa, na mzazi anayelipa fedha.

Na maadamu tumetaja sindano, vijana wetu wanaochorwa miili na kutogwa pua na masikio wajue haya. Sindano iliyotoka katika damu ya mtu ikaingia katika damu ya mwingine yaweza kupeleka homa ya ini, na ukimwi pia. Na sindano chafu huweza kuleta pepopunda. Kumtoga mtoto wa kike masikio ni ada yetu, lakini na afanye mjuzi, kwa sindano mpya, na mikono iliyooshwa.

Nasiha yetu ni nyepesi. Kabla ya kunyosha mkono, muulizeni fundi amechanganya nini. Akisema rangi yake ni nyeusi tena yashika chini ya saa moja, rudisheni mkono. Watoto wasipakwe piko kabisa. Na mtoto mchanga asipakwe hata hina safi, kwani wako watoto wenye upungufu katika damu ambao hina huwavunjia damu yao. Aliyekwisha kupakwa akaona mwasho, na aoshe upesi kwa sabuni, asipasue malengelenge, aende hospitali, na maisha yake yote amwambie kila daktari yaliyomfika. Nanyi mafundi, riziki yenu imo katika ufundi wa mikono yenu, haimo katika pakiti. Ua lililochorwa vizuri kwa hina nyekundu halipungui uzuri.

Na nyinyi mama zetu, msione haya bibi arusi akitoka na mikono myekundu. Aibu ni yetu sisi, tuliokuwa na vitabu mbele yetu, tukamwacha mtoto wa watu aungue.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyanyamaza, wahifadhi mabinti zetu, na utujaalie wenye kusikia maneno wakafuata yaliyo mema. Amin.