Tiba Kutoka Mkono wa Askari

Baadhi yetu tumejiuliza kama yampasa Mkristo kupokea tiba iliyotafutwa na jeshi. Je, mkono uliofunzwa kuua waweza kuponya?

Swali hili si la mbali nasi. Mwaka 1986 jeshi la Marekani, likihofia askari wake, lilianzisha mpango wa utafiti wa virusi vya UKIMWI. Kazi hiyo ilifika hata Kericho, Mbeya na Kampala. Huko Thailand, tangu mwaka 2003, jeshi hilo pamoja na serikali ya nchi ile walijaribu chanjo kwa watu 16,402 waliojitolea. Nusu walichomwa chanjo, nusu sindano isiyo na dawa. Mwaka 2009 matokeo yalitangazwa: katika kundi la chanjo waliambukizwa 51, katika kundi la pili 74. Kinga hiyo ya asilimia 31 haikutosha, na hadi leo chanjo ya UKIMWI haijapatikana. Lakini ilikuwa mara ya kwanza chanjo kuonyesha kinga yoyote.

Wako wasemao kwamba jeshi hutafuta faida yake. Ni kweli. Lakini Naamani naye alikuwa jemadari wa adui, na aliyemwonyesha njia ya kupona alikuwa binti mateka wa Kiisraeli. Rehema ya Mungu haikungoja mikono iliyo safi. Kwa hiyo tiba njema tusiikatae kwa sababu ya aliyeitafuta.

Hata hivyo, liko jambo la kuangaliwa sana. Jeshi huenda kwa amri. Utafiti wa haki huenda kwa hiari. Anayetoa mkono wake achomwe sindano ya majaribio lazima aelezwe, kwa lugha aijuayo, hatari zake, na kwamba aweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Pasipo hayo, hata dawa iponyayo ni tunda la dhuluma.

Basi, mwenzetu akiombwa kushiriki utafiti wa namna hii, tusimtishe wala tusimsukume. Tumsaidie kuuliza, tumwache aamue. Na katika sala zetu tuwakumbuke wale maelfu wa Thailand, ambao majina yao hatuyajui, waliojitoa kwa ajili ya watu wasiowajua. Hao ni jirani zetu.